Betri Imekufa au Imeuawa? Dalili, Chanzo na Namna ya Kupima

Mteja anayefika gereji na kusema "fundi, betri imekufa" mara nyingi ameshaamua kununua nyingine, anachotafuta ni bei tu. Ananunua, gari linawaka, anaondoka. Baada ya miezi kadhaa yuko palepale na betri ileile aliyoiita mpya, safari hii analaumu kiwanda. Ni kweli betri huzeeka na kufa, lakini nyingi zinazotupwa hapa Dodoma zimeuawa: na alteneta (mashine ya injini inayozalisha umeme) inayochaji kupita kiasi, na klempu zilizolegea, na redio isiyozimika, na kiu ya maji. Muuaji akibaki ndani ya gari, betri mpya nayo ataimaliza.

Hali ya hewa yetu inachangia. Joto linaharakisha kemia iliyo ndani ya betri ya risasi na asidi, na linaharakisha vilevile uchakavu wake. Hesabu inayotumiwa na watengenezaji ni kwamba kila nyuzi joto 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri kwa karibu nusu. Gari linaloshinda juani Mtumba mwezi wa Oktoba na Novemba lina boneti unayoweza kukaangia yai, na betri iko chini yake. Ajabu ni kwamba madhara hayo hayaonekani wakati huo. Yanaonekana Juni na Julai, asubuhi zenye baridi, oili ikiwa nzito na stata, mota inayozungusha injini ili iwake, ikidai nguvu zaidi. Watu wanasema baridi imeua betri. Joto ndilo lililoiua, baridi imeleta taarifa.

Kabla ya kusoma dalili yoyote hapa chini, tafuta mita ya kidijitali, ile mafundi wanayoiita maltimita. Ya bei ya chini inatosha. Bila mita unabahatisha, na kubahatisha kwenye betri ni ghali.

"Gari linalia tek-tek-tek, haliwaki"

Mlio huo ni sumaku ya stata inayovuta na kuachia, kwa sababu kila inapodai umeme volti zinaanguka. Nguvu haifiki. Kinachotakiwa kujulikana ni kama haipo kabisa kwenye betri, au ipo ila imekwama njiani.

Pima betri asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha na hujawasha chochote. Ukipima mara tu baada ya kuendesha, namba itakudanganya kwa kuwa juu. Kama huwezi kusubiri, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.8 hesabu kwamba ni tupu. Ikiwa imechajiwa usiku mzima na bado inasoma karibu 10.5, usihangaike nayo tena: betri ya volti 12 ina seli sita zenye volti mbili na kidogo kila moja, na hapo moja imekufa. Hakuna dawa ya kumimina itakayoifufua, hata muuzaji aape kwa mizimu ya ukoo wake.

Kisha mwombe mtu apige stata huku ukiangalia mita. Kwa betri iliyokuwa imejaa, namba ikianguka chini ya 9.6, betri yenyewe imechoka. Lakini ikibaki 12 na zaidi huku stata inaendelea kulia tek-tek, achana na betri, angalia nyaya.

Hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Weka ncha moja ya mita juu ya kichwa chenyewe cha betri, ile nguzo ya risasi, na nyingine juu ya klempu iliyokibana. Piga stata. Mita ikionyesha zaidi ya 0.2, umeme unapotelea kwenye uchafu ulio kati ya vyuma viwili vinavyoonekana kwa macho kuwa vimegusana. Rudia upande wa pili. Kisha pima kati ya kichwa cha hasi na chuma cha injini. Hapo nako haitakiwi kukaribia nusu volti. Ikifika, waya wa ethi, ule unaounganisha hasi na injini, umeoza au umelegea mahali unapofungwa kwenye injini, na ugonjwa huo ni wa kawaida kwenye magari ya barabara za vumbi na makorongo.

Ule unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa ni chumvi za asidi. Fungua klempu, ukianza na hasi, uoshe kwa maji yenye magadi kidogo, haya haya ya kupikia mlenda. Yatatoa povu kwa sababu yanaua asidi. Povu likiisha, suuza kwa maji safi, kausha, kwangua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, funga kwa kuanza na chanya, kisha paka grisi juu. Maji ya magadi yasiingie kwenye matundu ya betri, yatadhoofisha asidi ya ndani. Nimeona magari mangapi yakiondoka gereji kwa kazi hii ya dakika ishirini, na mwenye gari ameshika pesa ya betri mkononi!

"Nikilichaji linawaka, baada ya siku mbili tatu halina kitu"

Kuna njia mbili tu: ama betri haijazwi unapoendesha, ama kuna kinachoinyonya gari likiwa limeegeshwa.

Anza na kujazwa. Injini ikiwa inaunguruma, pima kwenye vichwa vya betri. Unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.5, hata ukiwasha taa na feni. Ukiona 12.5 na inashuka taratibu, alteneta haichaji: angalia mkanda kwanza, kisha fyuzi kubwa na nyaya zake, ndipo ushuku alteneta yenyewe. Ikisoma 13.9 na kila kitu kinaonekana sawa, geuza mita kwenye alama ya umeme wa mawimbi, yaani volti za mkondo geu (V~), upime tena palepale. Zaidi ya nusu volti hapo maana yake dayodi za alteneta, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zimeharibika, na dayodi mbovu zina tabia mbaya zaidi ya kunyonya betri usiku.

Kuna wale ambao gari lao halina kosa lolote, ila safari ni fupi mno. Kutoka Kisasa mpaka mjini, kuzima, kuwasha, benki, kuzima, kuwasha, sokoni, kuzima. Kila kuwasha kunachota, na dakika tano za kuendesha hazirudishi, hasa kama kiyoyozi, taa na redio vinakula vyote pamoja. Betri inayoishi nusu miezi yote hujenga fuwele za salfeti kwenye sahani zake za risasi. Fuwele changa huyeyuka ukiichaji vizuri, zilizokomaa hazitoki. Dawa ni kuitoa mara moja kwa mwezi na kuichaji polepole mpaka ijae, au kutafuta sababu ya kwenda Kongwa na kurudi.

Sasa mnyonyaji. Zima gari, funga milango, toa klempu ya hasi, uweke mita katikati ya klempu na kichwa cha betri, waya mwekundu wa mita ukiwa kwenye tundu la ampea 10. Usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa hapo, utaichoma. Subiri kama nusu saa kompyuta za gari zilale. Gari zima husoma kati ya ampea 0.02 na 0.05. Ukiona 0.3, piga hesabu: mara saa 24 ni saa-ampea 7.2 kwa siku, na betri yenye ujazo wa saa-ampea 45 itakuwa imefika karibu nusu ndani ya siku tatu. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Fyuzi iliyoiangusha ndiyo njia ya mwizi. Wahusika wa kila siku ni redio iliyofungwa na fundi wa mtaani, kengele ya wizi, kifaa cha kufuatilia gari, na taa ya buti isiyozimika. Ukimaliza, rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti kabla hujapima kitu kingine. Ukisahau na kugusa vichwa vya betri, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na fyuzi ya mita itakuwa nafuu kuliko vyote vinavyoweza kutokea.

Kama umekwama njiani na kuna gari la kukubusti, mpangilio ni huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri tupu, kisha chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri. Ya mwisho ndiyo hutoa cheche, na betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Sigara nayo ikae mbali.

"Kila nikiangalia, maji yamepungua"

Kwa betri za maji, kupungua kidogo ni kawaida, na hapa kwetu hupungua haraka kuliko Njombe. Ila ukilazimika kuongeza kila wiki, pima tena injini ikiwa inaunguruma. Ikizidi 14.8, regyuleta ya alteneta, kidhibiti chake cha volti, inachemsha betri yako. Utasikia harufu kali kama ya yai bovu, na pande za betri zitakuwa za moto au zimetuna. Ikiwa chumba kimoja tu kati ya sita ndicho kinachoishiwa, seli hiyo inakufa, na hapo nenda kanunue.

Unachoongeza ni maji ya betri, maji yaliyotakaswa chumvi yote. Si asidi. Asidi haipotei hewani, yanayopotea ni maji, kwa hiyo ukiongeza asidi unazidisha ukali na kula sahani. Wala si ya bomba au kisima: ya Dodoma yana chumvi na chokaa, tazama tu ndani ya birika lako la umeme. Jaza mpaka maji yafunike sahani kwa kama sentimita moja au yafike mstari wa juu, na ujaze baada ya kuchaji, kwa sababu maji hupanda betri inapochaji. Ila ukikuta sahani ziko wazi, zifunike kidogo kwanza ndipo uchaji.

Mwenye haidromita, lile bomba la kioo lenye boya linalopima uzito wa asidi, apime kila chumba betri ikiwa imejaa: karibu 1.265 hadi 1.280. Chumba kimoja kikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya 0.050, huyo ndiye mgonjwa.

"Boda: selfu haivuti, kiki inawaka"

Hapa nitakaa kidogo, maana betri za pikipiki ndizo zinazonunuliwa mara nyingi kuliko zote na ndizo zinazouawa mapema kuliko zote. Mara nyingi zinauawa siku ile ile ya kununuliwa.

Betri nyingi za boda, za saa-ampea 5, 7 au 9, hufika dukani zikiwa kavu, na asidi yake kando kwenye chupa. Muuzaji anamimina, anafunga, anakukabidhi, ndani ya dakika tano selfu inavuta. Dereva anafurahi. Betri hiyo iko kama asilimia 70 au 80 tu, na ikianza maisha hivyo haitafika mia tena. Inavyotakiwa: jaza asidi, acha itulie nusu saa ili sahani zinywe, kisha ichaji kwa mkondo mdogo, moja ya kumi ya ujazo wake. Betri ya 5 inachajiwa kwa nusu ampea, kwa saa kadhaa, mpaka volti zake zikae 12.7 au zaidi baada ya kupumzika. Chaja kubwa ya magari inayosukuma ampea 10 itaichemsha. Najua bosi anasubiri hesabu ya jioni. Mpe nakala ya aya hii.

Kama betri ilianza vizuri na bado inaishiwa, pima huku mtu akivuta mafuta mpaka injini iwe na mwendo wa kati. 13.5 hadi 14.8 ni salama. Chini ya 13, angalia soketi ya nyaya zinazotoka kwenye koili, mara nyingi imeungua na kuwa kahawia. Ikipanda 15 na zaidi, na balbu zako zinakatika kila mara, rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji ya pikipiki, imekwisha. Badilisha hiyo kabla ya betri. Na kama umefunga taa za rangi, spika na honi ya lori, koili ndogo ya pikipiki haikuumbwa kulisha disko. Punguza.

Ile betri iliyofungwa moja kwa moja, isiyo na vizibo, usiifungue uongeze maji. Asidi yake imenyonywa ndani ya nyuzi za kioo na haikukusudiwa kuongezwa kitu.

"Taa za sola zinazimika saa tatu usiku"

Kwa vijiji vya Bahi, Chamwino na Chemba, jua si tatizo. Kuanzia Mei mpaka Novemba mawingu ni machache sana. Tatizo huwa hesabu, vumbi, na betri isiyo ya kazi hiyo.

Tuanze na hesabu. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100 ina saa-wati 1,200 kwenye karatasi. Ya risasi na asidi ukiimaliza kila siku itakufa upesi, kwa hiyo tumia nusu: 600. Sasa televisheni ya wati 60 kwa saa tano ni 300. Taa nne za wati 7 kwa saa tano ni 140. Kingamuzi cha wati 15, saa tano, ni 75. Simu nne za nyumba nzima, tuseme 60. Jumla 575, na inveta bado haijachukua chake. Umeshafika ukingoni kabla jirani hajaleta simu yake. Na kurudisha hizo 600 paneli ya wati 100 haiwezi: kwa saa tano za jua kali, ukitoa hasara za joto, vumbi na nyaya, inakupa kama 350. Unahitaji karibu wati 170 au zaidi. Betri yenye njaa kila siku inaonekana mbovu, kumbe haijawahi kujaa tangu siku ya kwanza.

Pima asubuhi kabla jua halijapiga paneli, pima tena jioni linapozama. Jioni ikiwa chini ya 12.6 siku baada ya siku, paneli haitoshi au haioni jua. Panda ufute vumbi kwa kitambaa chenye maji, asubuhi mapema kioo kikiwa cha baridi. Angalia pia kivuli cha mwembe au nguzo: kipande kidogo cha kivuli kinaweza kuangusha sehemu kubwa ya umeme wa paneli.

Jioni ikiwa juu ya 12.7 na saa tatu usiku kila kitu kimezima, betri imepoteza uwezo. Swali linalofuata ni ilikuwa betri ya nini. Ya gari ina sahani nyembamba nyingi, imeundwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache halafu ijazwe hapohapo. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha, sahani zinachakaa ndani ya muda mfupi. Ya sola ina sahani nene na ni nzito zaidi kwa ukubwa uleule.

Mambo mawili huua benki za betri bila kelele. La kwanza ni kuchanganya ya zamani na mpya. Ya zamani huivuta mpya mpaka zilingane, chini. La pili ni bati. Betri iliyowekwa darini chini ya bati inapikwa kila mchana. Nyumba ya tembe, kwa udongo wake mnene juu na pembeni, inatunza betri vizuri kuliko nyumba nyingi za kisasa. Iweke chini, sehemu yenye kivuli na hewa inayopita, mbali na moto na watoto.

Ukiweza kugharamia lithiamu ya fosfeti ya chuma, inayoandikwa LiFePO4, inatumika mpaka asilimia 80 au zaidi bila kuumia na inastahimili mizunguko zaidi ya 2,000. Ina tabia mbili za kuzijua. Volti zake hukaa karibu 13.2 kwa muda mrefu, kwa hiyo mita haikuambii kama imebaki nusu au robo. Na ikiishiwa kabisa, kinga yake ya ndani hukata, mita inasoma sifuri, na fundi asiyeijua atakuambia imekufa. Kwa kawaida chaja inayoifahamu huiamsha. Weka kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, kwenye mpangilio wa lithiamu. Mpangilio wa betri za maji una hatua ya kusawazisha inayopandisha volti kupita kiwango chake.

Bajaji na pikipiki za umeme: kupanda kilima inazima

Zile zenye betri za risasi huwa na kadhaa za volti 12 zilizofuatana: nne hufanya 48, tano 60, sita 72. Moja ikichoka, zote zinaonekana mbovu. Pima moja moja mara baada ya safari, zikiwa bado na uchovu. Iliyo chini ya wenzake kwa nusu volti au zaidi ndiyo inayovuta mkokoteni nyuma. Kubadilisha moja kunakubalika kama seti bado changa. Seti kuukuu badilisha yote. Chaja ya risasi usiitumie kwa lithiamu hata kama plagi inaingia.

"Simu ina asilimia 30, ghafla imezima"

Betri iliyochoka ina ukinzani mkubwa ndani. Simu ikidai nguvu ya kamera au mtandao, volti zinaporomoka na simu inajizima, ingawa chaji kidogo ipo. Hakuna programu ya kutibu hilo, betri ibadilishwe. Simu ikichaji polepole, anza na tundu: hapa kwetu vumbi na nyuzi za mfukoni hujaa mpaka waya haufiki mwisho. Zima simu, chokonoa taratibu kwa kijiti cha meno, kamwe si kwa sindano. Halafu jaribu waya mwingine, kisha chaja nyingine, kimoja kimoja.

Ushauri wa kuchaji simu mpya saa nane kabla ya kuitumia ni wa enzi za betri za nikeli. Lithiamu haiuhitaji. Inachotaka ni kuepushwa na joto, na kutokaa muda mrefu ikiwa asilimia 100 au sifuri. Simu inayoonyesha ramani juu ya usukani wa boda, juani, huku inachaji, inazeeka haraka kuliko zote. Simu ya kuweka kabatini, iache na nusu.

Betri ya kitochi, simu ndogo ya vitufe, ilaze mezani uizungushe. Ikizunguka kama pia, imevimba. Kwenye simu janja dalili ni kioo au mgongo kuinuka. Kilichovimba ni gesi. Usitoboe, usikandamize, usichaji tena. Itoe kwenye simu kama inatoka kwa urahisi, vinginevyo mpelekee fundi, na mpaka hapo iweke juu ya sakafu au mchanga, mbali na godoro.

Pawa benki ya mAh 20,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara nne. Namba ya nje ni ya seli za volti 3.7, yaani saa-wati 74, na katika kupandisha volti kwenda kwenye simu sehemu inapotea. Ukipata mara tatu, hujaibiwa. Ukipata mara moja, umeibiwa.

Tochi na betri ndogo

Seli ya tochi yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65 inaitwa 18650, ukubwa wake umo kwenye jina. Za viwanda vikubwa tulizozoea huishia karibu mAh 3,500. Ukiona imeandikwa 9,800 au 12,000, hiyo ni namba ya mchapaji wa karatasi. Iweke kiganjani: nzuri ina gramu 45 hadi 50, ile nyepesi kama chaki irudishe.

Betri ndogo za AA za kuchaji zina volti 1.2, za kutupa zina 1.5. Saa ya ukutani na rimoti nyingi hazijali, vifaa vichache vitalalamika. Chagua zilizoandikwa kwamba hazipotezi chaji zikikaa, na chaja inayochaji kila moja peke yake. Zile za kawaida za redio usizitie kwenye chaja, hata mtu akikuambia huwa anafanya hivyo: hupasuka au kuvuja.

Ukifika dukani

Ukishapima na ukaona kweli ni ya kununua, soma maandishi. Kwa betri za mtindo wa Japani, kama 46B24L, namba ya kwanza ni daraja la nguvu, herufi inayofuata ni kundi la upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha chanya iko upande gani. Ukikosea hiyo ya mwisho waya hautafika, na mafundi wengine watauvuta kwa nguvu badala ya kukurudisha dukani. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Ya maji iliyokaa rafuni zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa imeanza kuota salfeti, hata kama nailoni yake bado inang'aa.

Ya zamani usiivunje wala kumwaga asidi mtaroni. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na wapo wanaoinunua ikiwa nzima kwa kilo. Muulize muuzaji akupunguzie bei ukimwachia. Kabla hujalipa, toa mita yako, upime ile mpya mbele yake. Ikiwa chini ya 12.4, mwambie aichaji utairudia kesho, au akupe nyingine, na risiti iandikwe tarehe.